Mshale wa Moris ya Mbao

Mbweni,
14 Januari 2024

Baba yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na vumbi la mbao halikusumbui sana. Huku kwetu wazima. Anwar amerudi kazini Mtwara, nimebaki na mama mkwe wangu, Bi Zubeda, naye anakusalimu. Joto ndilo linaloniua. Nyumba hizi mpya zina vioo vikubwa kama duka la nguo, na mti wa kivuli hakuna hata mmoja. Jirani ana jogoo asiyejua saa. Nikianza kuhesabu kero zangu karatasi haitatosha.

Utauliza kwa nini nimeandika. Baba, nikikupigia simu unaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa maneno usiyoyasikia, na nikikutumia ujumbe unajibu "sawa" kwa kila kitu. Juzi nilikuuliza umekula au hujala, ukajibu sawa. Mashine ya randa imeshakuchukulia masikio, basi turudie barua, kama nilipokuwa shule ya bweni Tabora. Talha analeta makochi ya Keko huku kwenye majumba mapya karibu kila wiki. Amekubali kutubebea, ila amesema, "Sista, mie sio posta, usinizoeshe." Ukimwona mpe chai.

Kwenye mfuko huu kuna kitu nimekifunga kwa kipande cha kanga. Ni geji ya joto la injini, ya zamani kama lile gari lako la Moris. Mzee mmoja mtaa wa pili alikuwa anatupa vyuma vya gari lake lililokufa, nikaiona, nikaiomba. Moris haikutoka kiwandani na geji ya joto, na sisi hatukuihitaji kwa sababu nilikuwa nakaa kiti cha pembeni nasikiliza. Maji yakianza kunguruma nakugusa bega, unazima. Sasa nimeolewa, na bega lako halina wa kuligusa. Talha kaniambia ulichemsha pale Chang'ombe mpaka watu wakakimbia mvuke. Nililia, baba, sikufichi. Nataka siku uje Mbweni unichukue na Moris, mimi nikae kiti changu, twende nyumbani. Sitaki nisikie umeungua njiani.

Kuifunga ni kazi ndogo. Maji yote yakiwa yamepoa, fungua ile bolti ya kuzibia kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini, karibu na thamostati. Hapo ndipo kinaingia kile kidole cha shaba, ndicho kinachopima maji. Kutoka kwenye kidole kuna mrija mwembamba unaokuja mpaka kwenye uso wa geji. Upitishe tundu la nyaya uingie ndani ya gari. Mrija ni mrefu kidogo, utajua pa kuuweka. Uso wa geji utengenezee kibao chako chini ya dashibodi. Kibao sikufundishi.

Mwanao,
Rukaiya


Keko,
23 Januari 2024

Mwanangu Rukaiya,

Waalaykum salaam, na marahaba. Mimi mzima, nashukuru Mungu, kifua kinakohoa kwa mazoea tu. Mpe salamu zangu Bi Zubeda, na mkwe wangu akipiga simu mwambie namwombea. Talha nimempa chai na maandazi, sasa anasema posta imenoga.

Geji nimeifunga. Nimekichonga kibao cha mninga ule ule nilioweka kwenye mbavu za nyuma za Moris mwaka ule mbao za Mzungu zilipooza. Unakumbuka, ulikuwa mdogo, ulikaa ndani ya gari siku nzima ukijifanya abiria. Nimekipiga vanishi, kinang'aa. Watu wa Keko wamekuja kukitazama kibao, geji yenyewe hakuna aliyeiuliza.

Kidole kimeingia bila ubishi. Mrija ndio ulikuwa na maneno. Ulibaki mrefu, unaning'inia kwenye miguu kama kamba ya mbuzi. Mimi ni seremala, siwezi kuacha kitu kinaning'inia. Nikapima mara mbili, nikakata mara moja, nikaunganisha na kipande cha mpira. Kazi safi, hata wewe ungeipenda. Nilipokata ilitoka harufu ya hospitali, ikapotea.

Ila mshale hauendi. Nimewasha injini mpaka boneti haigusiki, mshale umelala tu. Labda una aibu na wageni. Nini tena nifanye?

Baba yako


Mbweni,
30 Januari 2024

Baba,

Assalaam alaykum na shikamoo, na salamu nyingine nitazitoa nikipoa.

Umekata mrija. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nikidhani nimeruka mstari. Baba, ule si waya wala si bomba la maji. Ndani yake kulikuwa na dawa iliyofungiwa kiwandani. Maji yakipata moto ile dawa inapanuka, inausukuma mshale. Hiyo harufu ya hospitali ndiyo geji yenyewe, ilikuwa inakuaga. Mrija ukizidi unazungushwa mviringo kama nyoka aliyelala, unafichwa nyuma ya kibao. Haukatwi. Geji ya namna ile haipo dukani, na wewe umeipima mara mbili. Nani alikutuma kupima?

Na mimi sikukuandikia usikate kwa sababu sisi mafundi wa gereji hakuna anayeweza kuwaza kukata. Nilisahau kwamba namwandikia seremala wa Keko, msumeno kwake ni kidole cha sita.

Bi Zubeda amenikuta naongea peke yangu jikoni. Miguu imevimba, viatu vyote vimenikataa, nguo ninayoona nzuri hainiingii, na siku hizi siwezi kuinama kwenye injini ya mtu. Nataka mbilimbi za chumvi, zile za mti wa nyuma ya karakana yako, zilizokaa kwenye chupa mpaka zikawa kahawia. Za sokoni nimezitupa, hazina adabu. Usiniulize kwa nini nazitaka. Mama angekuwepo ningemwambia yeye, naye angekuambia wewe.

Nitatafuta geji nyingine. Nikiipata, haya uyashike kabla hujaifunga. Geji hizi zinahesabu kwa Farenhaiti, si Selsiasi, basi mshale ukipanda kupita mia mbili, maji yako karibu kuchemka, simama, zima, ngoja. Na mshale ukishuka ghafla wakati gari linatembea, usifurahi. Simama haraka zaidi. Maana yake maji yameisha, kile kidole kimebaki kinapima hewa. Injini inaungua huku mshale unakwambia kumepoa. Wengi wameua magari yao hapo, wakishukuru.

Mwanao aliyekasirika,
Rukaiya


Keko,
9 Februari 2024

Mwanangu,

Salaam alaykum. Hujambo wewe na hasira zako? Mimi sijambo, nimegombezwa vya kutosha, najisikia kijana. Barua yako nimeusomea mti wa mbilimbi nao ukatikisika.

Kosa ni langu. Nimeichukua ile geji iliyokufa nikaigongomea ukutani karakanani juu ya benchi, kila nikishika msumeno inaniangalia. Wenzangu wakiuliza nasema ni saa ya Ulaya.

Talha anakuletea chupa mbili. Moja ni ya mwaka jana, kahawia kama ulivyosema. Nyingine ni ya mwezi uliopita, uiweke itakuja kukufaa.

Sijauliza kitu, wala siulizi. Mambo ya namna hiyo binti hamwambii baba yake, yanapita kwa mama, au kwa shangazi. Mama yako Chausiku ametutangulia, na mimi sikujaliwa dada. Basi njia imekatika, lakini macho ninayo. Nimetoa ubao wa mninga niliouweka tangu mwaka juzi, mzuri, hauna fundo hata moja. Kuna kitu kidogo nakichonga, kina miguu ya mviringo ya kubembea. Nakichonga peke yangu wakishaondoka mafundi, kwa sababu nikikiangalia nacheka mwenyewe na watu watasema mzee amepata mke.

Ramadhani inakaribia. Usifunge kwa ubishi. Mungu ameruhusu wenye sababu zao wale.

Baba yako


Mbweni,
8 Machi 2024

Baba yangu,

Assalaam alaykum, shikamoo. Sijui kama vumbi limepungua huko, huku mvua imeanza na matope yamefika mlangoni. Mimi mzima, mzito, na mkali. Chupa ya kahawia imekwisha kwa siku nne. Ya pili nimeianza, usinicheke.

Ubao wa mninga nimesikia. Siulizi unachonga nini. Ila niliisoma sehemu ile mara nyingi, Bi Zubeda akaniuliza nalia nini, nikamwambia vitunguu. Nilikuwa nimeshika barua, sikuwa na kitunguu.

Geji nimeipata. Usiniulize nimezunguka wapi na miguu hii. Mrija wake ni mrefu kuliko ule. Nimeuzungushia kitambaa chekundu mwanzo mpaka mwisho ili ukiukaribia na msumeno ukumbuke mtoto wako. Pale unapopita kwenye tundu la chuma weka mpira usikatike kwa mtikisiko. Na hozi zako za maji zitazame, ile ya chini ilikuwa imechoka tangu nikiwa nyumbani.

Baba, mtoto wa jirani analia usiku na mimi naamka naye kama wangu. Jogoo bado mzima, nimemwombea mchuzi. Wangu mwenyewe hanipi nafasi, ananipiga mateke mpaka nashindwa kulala. Nimeshaandika, siwezi kufuta, karatasi itachafuka. Jifanye hujaona.

Idi pili njoo unichukue. Nataka kula pilau ya Keko, nikae kiti changu cha pembeni, niutazame mshale kwa macho yangu. Anwar amekubali.

Mwanao,
Rukaiya


Keko,
19 Machi 2024

Mwanangu Rukaiya,

Salaam alaykum. Ramadhani karimu. Mimi mzima na saumu inakwenda. Sijaona kitu chochote kwenye barua yako, karatasi ilikuwa safi kabisa. Nimefurahi mpaka nimechoma mkate.

Mrija sikuukata. Nimeuzungusha nyuma ya kibao, na kitambaa chako chekundu nimekiacha kionekane kidogo. Jana kabla ya futari niliwasha, nikakaa ndani ya gari peke yangu. Mshale ukatingishika. Nikadhani ni macho ya njaa. Kisha ukainuka taratibu, mia moja na ishirini, mia na hamsini, ukasimama mia na themanini ukatulia hapo. Nikaweka kiganja kwenye usukani, nasikia injini kwa mkono kama kawaida, na mara hii nayaona maji yake pia. Nilizunguka Chang'ombe mpaka uwanjani nikarudi. Watu wananipungia mkono, unajua wanavyoipenda Moris yenye mbao.

Miaka yote hii nilikuwa naendesha nikiogopa, sikukuambia. Tangu uolewe nilikuwa naogopa zaidi. Sasa nina kitu cha kuniambia ukweli.

Idi pili, saa nne asubuhi, niko mlangoni kwako. Hozi nitaitazama.

Baba yako


Mbweni,
6 Aprili 2024

Baba,

Assalaam alaykum, shikamoo. Natumai u mzima. Sisi huku tupo salama.

Naomba usije Idi pili. Anwar amekuja nyumbani mapema, tutakuwa na wageni wake. Tutapanga siku nyingine, Mungu akipenda. Nimefurahi geji inafanya kazi. Mimi sina neno.

Mwanao,
Rukaiya


Keko,
15 Aprili 2024

Mwanangu,

Salaam alaykum, na Idi njema iliyopita. Mimi mzima. Pilau niliagiza kwa watu, nikala na Talha. Sufuria kubwa, watu wawili, wote wanaume, tumeifedhehesha.

Nilinuna kidogo, nisikufiche. Nilikuwa nimeshaiosha Moris na kupaka mbao mafuta. Baadaye nikafikiri, mwanangu amepata mume wa kukaa naye Idi, na mimi nanuna. Barua yako imetulia, haina jogoo wala vioo, hujanigombeza popote. Nikasema alhamdulillah, amepoa, labda siku zinakaribia na mwili umemzoea.

Kile kitu kidogo kimekwisha. Nimekisugua kwa msasa mpaka ukipitisha shavu hausikii kitu. Nakuletea mbilimbi nyingine kwa Talha. Nikija nikakuta umekonda nitawasema wakwe zako.

Baba yako


Mbweni,
4 Mei 2024

Baba,

Assalaam alaykum, shikamoo. Sisi wazima.

Ahsante kwa mbilimbi, nimewapa majirani. Mvua imepungua. Usihangaike kuja, barabara ya huku mbovu. Mimi niko vizuri, sina neno. Mshale unasemaje?

Rukaiya


Keko,
19 Mei 2024

Mwanangu Rukaiya,

Salaam alaykum. Leo sikuulizi hali kwa mazoea. Nitakuuliza mwisho wa barua, na nataka unijibu.

Uliniuliza mshale unasemaje. Alhamisi nilikwenda Kipawa kuchukua bawaba na vitasa. Wakati wa kurudi, foleni ikatushika karibu na TAZARA, jua la mchana. Mshale ulikuwa mia na tisini na kitu. Nikawa naukazia macho, naomba usipande. Mara ukaanza kushuka. Ukashuka wenyewe taratibu, mia na hamsini, mia na ishirini, ukalala chini kabisa. Nikaipigapiga dashibodi, nikasema alhamdulillah, leo Moris imepoa kwenye foleni ya TAZARA. Watu pembeni wananipungia mikono. Nikawapungia na mimi. Wakazidi kupunga, nikazidi kutabasamu.

Kijana mmoja akaja mbele ya gari, anasema kitu, mimi siambulii. Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la boneti: ZIMA. Nikazima. Hozi ya chini ilikuwa imepasuka, ile uliyoniambia niitazame na nikasema nitaitazama. Maji yote yalimwagika barabarani nyuma huko, na mimi nimekalia jiko. Silinda hedi imepinda. Huyo kijana, jina lake Ansbert, aliwatafuta wenzake wakanisukuma mpaka kivulini, akanishika mkono nisimwage maji ya baridi juu ya chuma cha moto. Nilikaa kwenye tairi kuukuu la muuza matunda, nikakumbuka barua yako ya Januari. Usifurahi. Simama haraka zaidi.

Nilipofika nyumbani nilizitoa barua zako zote nikazipanga kwenye benchi. Za mwanzo zina moto. Umenigombeza kwa mrija, umelaani vioo, umemwombea jogoo wa watu mchuzi, umelia vitunguu ambavyo havikuwepo. Kisha ghafla umepoa. Tupo salama. Sina neno. Wewe, Rukaiya, tangu uzaliwe lini hukuwa na neno? Mbilimbi umewapa majirani. Na mimi mjinga nikakaa hapa nashukuru kwamba mwanangu ametulia.

Desturi inanitaka ninyamaze mpaka aje mwanamke kuniambia. Mwanamke huyo tulimzika. Basi nauliza mwenyewe, na Mungu anisamehe kama nimevuka mpaka wa baba. Mtoto wako yuko wapi? Na wewe hali yako, hali ya kweli, ikoje?

Baba yako


Keko,
1 Juni 2024

Mwanangu,

Talha anasema alikukabidhi barua mkononi, na kwamba ulimshukuru. Nimemwuliza umekondaje, akatazama chini, akaomba chai. Nangoja.

Baba yako


Mbweni,
12 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa chini ya godoro, kila usiku nailalia, kila asubuhi nasema leo nitajibu.

Alikuwa wa kike. Alizaliwa kumi la mwisho la Ramadhani, na hakulia. Anwar alifika kutoka Mtwara akiwa bado na viatu vya kazi, akambeba yeye mwenyewe mpaka makaburini, na wanaume wachache wa msikitini. Mimi sikumwona akiondoka. Nilimwona uso tu. Alikuwa na paji la mama, baba, lile pana. Nilimpa jina la mama. Sikuwa na mtu wa kumwuliza kama inafaa.

Hakuna aliyenitendea vibaya. Bi Zubeda ameniosha kama mtoto wake. Lakini waliniambia nisilie kwa sauti, kwamba nitamsumbua, kwamba ananingoja mlangoni kwa Mungu na nikimlilia nitamfunga miguu. Na wakasema baba asiambiwe, mambo ya uzazi hayapelekwi kwa baba, utampa fedheha na huzuni uzeeni. Basi nikanyamaza. Nikawa nalia kwa ndani, kisha na kwa ndani kukakauka. Watu wakija wanasema ana subira huyu. Mimi sina subira, baba. Sina kitu.

Nikuambie na lililo baya zaidi, kwa sababu umeniuliza. Siku ile aliacha kucheza tangu asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amenipiga mateke sana. Palipokucha akatulia, na mimi nikafurahi. Nikasema leo mwanangu ananionea huruma. Nikalala mchana mzima kwa raha, sikulala hivyo tangu Januari. Jioni ndipo nikashtuka. Daktari alisema kitovu kilimzunguka shingoni. Sikumwuliza kama ningewahi asubuhi ingekuwaje, naogopa jibu. Mimi ndiye niliyekuandikia usifurahi mshale ukishuka. Kwa mkono wangu huu. Halafu nikafurahi.

Sasa umejua. Tafadhali usije. Sijui nitakutazamaje usoni, na sijui nitakuonyeshaje chumba. Na kile kitu cha mninga, nakuomba usikitaje tena.

Rukaiya


Keko,
14 Juni 2024

Mama Chausiku,

Nimekuita hivyo kwa sababu ndivyo unavyoitwa, na sijui kama kuna mtu ameshakuita. Jina linafaa. Mwenyewe mwenye jina angekuja mbio kulisikia.

Barua yako nimeisoma chini ya mti wa mbilimbi, na nimelia mpaka mafundi wakazima mashine. Siwaonei haya. Nimemlilia mjukuu wangu ambaye sikumbeba, nimekulilia na wewe uliyekaa na jambo hili peke yako miezi yote hii, na mimi huku nakuandikia habari za pilau.

Sasa nisikilize, maana neno hili ni moja tu. Mimi nilikuwa na geji. Umenitafutia kwa miguu iliyovimba, umeifunga kitambaa chekundu, umeniandikia wazi nini cha kufanya. Mshale ukashuka mbele ya macho yangu, na bado nikashukuru Mungu na kuwapungia watu. Wewe hakuna aliyekufungia geji tumboni. Mtoto si injini, Rukaiya. Ulikuwa mama aliyechoka, mtoto wake akatulia, akalala usingizi. Kila mama duniani anafurahi mtoto akitulia. Mama yako alikuwa anafurahi hivyo hivyo kwako, na siku hizo Mungu alitupa wewe. Wengine amewachukua. Sijui kwa nini, na shehe akiniambia anajua nitamsikiliza kwa adabu tu.

Umesema nisije. Nimekusoma vizuri, na nitakuasi. Talha anakuletea barua hii leo, na kesho Jumamosi nakuja. Moris haiwezi, hedi iko juu ya benchi imefunikwa gazeti. Fundi mmoja alikuja kuigusa nikamfukuza, inakungoja wewe siku mikono yako itakapotaka. Nakuja na kirikuu cha Talha, nyuma, juu ya kochi la watu wa Mbweni, na ole wao wakiniona nimeshuka humo. Usinipikie. Kile kitu hakiji. Nimekifunika shuka, sikivunji wala simpi mtu.

Nikifika utanipeleka alipolala. Kila Ijumaa huwa namsomea Fatiha Chausiku mmoja, kuanzia sasa nitawasomea wawili, na nataka nijue nielekee upande gani.

Baadaye tutakaa, mimi na wewe, mlango wazi au umefungwa, upendavyo. Wenzako wamekuambia usilie kwa sauti. Lakini mimi ni kiziwi, mwanangu. Lia mbele yangu kwa sauti yako yote, sitasikia hata kidogo. Nitakuwa nimekaa hapo hapo nakushika bega mpaka umalize.

Baba yako